Kumkabidhi msaidizi wa mtandaoni kazi za biashara: kinachotoka mikononi na kinachobaki

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Nairobi, kuanzia wenye vibanda vya eksibishoni katika Barabara ya Tom Mboya hadi wale wanaofungua marobota ya mitumba Gikomba na kuwauzia wateja kupitia simu, kila anayelalamika kwamba kazi imemzidi siku hizi hupewa ushauri mmoja: atafute msaidizi wa mtandaoni, au VA kama wengi wanavyomwita. Kila anayepewa ushauri huo huondoka na picha yake kichwani. Yuko anayedhani ni programu ya kompyuta inayowajibu wateja yenyewe. Yuko anayeamini kwamba hiyo ni anasa ya kampuni kubwa za Westlands. Na yuko anayefikiri kwamba akishampata mtu huyo, atampa simu, nenosiri na namba ya siri ya M-Pesa, kisha yeye apumzike. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hasara yake huja kabla hajajua kwamba amekosea.

Tuanze na lililo wazi. Msaidizi wa mtandaoni ni mtu. Ni mtu anayefanya kazi za ofisi akiwa mbali na ofisi, kwa kutumia kompyuta au simu na intaneti: anajibu ujumbe wa wateja, anapanga miadi, anaingiza oda kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta), anaandaa ankara, anapakia picha za bidhaa, anafuatilia mizigo iliyotumwa kwa bodaboda au kwa basi la usiku, na anawakumbusha wadeni kwa lugha ya heshima. Yeye anaweza kuwa Roysambu nawe uko Kamukunji, na ikapita miezi bila kuonana ana kwa ana. Ule ujumbe unaojituma wenyewe ukisema "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde" ni kifaa tu, na hata programu mpya za akili bandia zinazoandika majibu marefu ni vifaa vilevile. Kifaa hakiwezi kuulizwa kesho kwa nini mteja wa Umoja alipelekewa kiatu kisicho chake. Mtu anaweza kuulizwa.

Kumkabidhi mtu kazi kuna sehemu tatu ambazo katika mazungumzo huchanganywa kuwa moja. Kuna utekelezaji, yaani kuifanya kazi yenyewe. Kuna uamuzi, yaani kuchagua la kufanya pale njia zinapokuwa zaidi ya moja. Na kuna wajibu, yaani kuwa mtu atakayeulizwa mambo yakiharibika. Utekelezaji unaweza kuutoa karibu wote. Uamuzi unaweza kuutoa kwa kipimo, ndani ya mipaka uliyoiweka. Wajibu hautoki, hata mkitia saini mkataba wa kurasa kumi.

Mfano wake uko barabarani kila siku. Mwenye matatu ya kutoka Kayole hadi katikati ya jiji anaweza kumaliza mwezi mzima bila kupanda gari lake. Dereva na kondakta ndio wanaoamka alfajiri, wanaopanga foleni kwenye steji, wanaochagua pa kujaza mafuta na wanaokusanya nauli. Amewaachia hata uamuzi wa kupandisha nauli mvua inaponyesha. Lakini gari limesajiliwa kwa jina lake, bima ni yake, mwanachama wa sako, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu, ni yeye, na gari likisababisha ajali atatafutwa pamoja na dereva. Jioni anapokea hesabu, na wiki ambayo hapokei hesabu ndiyo wiki ambayo biashara huanza kumponyoka. Usukani umetoka mikononi mwake, lakini gari bado ni lake.

Kazi gani zinakabidhika

Kipimo ninachokiamini ni iwapo kazi inaweza kuandikwa. Ukiweza kueleza kwa maandishi, katika ukurasa mmoja au miwili, jinsi kazi inavyofanywa tangu mwanzo hadi mwisho na nini kifanyike pale jambo lisipokwenda kawaida, kazi hiyo inakabidhika. Usipoweza, basi ama hujaielewa vizuri wewe mwenyewe, ama ni kazi inayotegemea macho yako, mikono yako na uhusiano uliojenga na watu kwa miaka mingi. Kuchagua robota Gikomba, kupatana bei na muuzaji wa jumla wa Eastleigh, kuzungumza na mwenye jengo kuhusu kodi iliyochelewa: hayo yabaki kwako.

Tuangalie kwa karibu ujumbe mmoja. Muuzaji wa viatu vya kike anapokea saa tatu usiku maneno haya: "Hii nyeusi iko size 39? Na kuletewa Umoja ni pesa ngapi?" Yeye hujibu kwa nusu dakika, kwa sababu kila kitu kiko kichwani mwake. Anakumbuka kwamba jozi ya mwisho ya 39 iliondoka mchana. Anajua kwamba muuzaji wa jumla ataleta nyingine Alhamisi. Anajua bodaboda wake hutoza kiasi gani hadi Umoja, kwamba usiku bei hupanda, na kwamba mteja huyu huyu aliwahi kurudisha kiatu kwa sababu kilimbana. Msaidizi aliyeanza kazi Jumatatu hajui hata moja kati ya hayo. Atatazama picha kwenye katalogi, ataona kiatu kipo, atajibu "iko", mteja atalipa, na kesho yake duka litakuwa linaomba radhi na kurudisha pesa. Mwenye duka atasema wasaidizi wa mtandaoni hawafai, ilhali kilichokosekana ni habari ambayo hakuwahi kuitoa kichwani.

Ili ujumbe huo mmoja ukabidhike, vinahitajika vitu vichache vilivyoandikwa. Kwanza ni lahajedwali ya bidhaa zilizopo, yenye rangi na saizi, inayopunguzwa papo hapo kila jozi inapouzwa, awe aliyeuza ni msaidizi au kijana wa kibandani. Bila hiyo, mengine yote ni kubahatisha. Kisha iwepo orodha ya bei za kupeleka mizigo kwa kila mtaa, mchana na usiku. Iwepo pia kanuni ya punguzo inayotaja kiasi, kwa mfano kwamba punguzo lisizidi shilingi 200 kwa jozi na lisitolewe kwa kiatu kilichoingia wiki hii, kwa maana mteja wa Nairobi ataomba apunguziwe, na msaidizi asiye na kanuni ama atakataa kila mtu ama atakubali kila kitu. Na iwepo kanuni ya malalamiko: mteja akikasirika, msaidizi aombe radhi, aombe picha, asiahidi kurudisha pesa, na amjulishe mwenye duka saa hiyo hiyo.

Ningeongeza jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni sauti ya duka. Wateja wa jiji hili huandika kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa Kiingereza, mara nyingi vyote katika sentensi moja. Je, duka hujibu vipi? Mteja huitwa dada, mama, boss, au kwa jina lake? Mteja aliyenunua kwako kwa miaka mitano atatambua mara moja kwamba anayemjibu si yule aliyemzoea, na hakuna ubaya kumwambia ukweli kwamba sasa kuna mtu anayesaidia kujibu. Ubaya ni kumfanya ahisi ameanza upya na mgeni asiyejua lolote kumhusu.

Njia rahisi ya kuyapata maandishi hayo ni kuyaandika ukiwa unafanya kazi. Kwa wiki moja, kila unapojibu ujumbe au kuandaa ankara, andika kwa mistari miwili ulichofanya na kwa nini. Yanayojirudia ndiyo ya kukabidhi kwanza.

Pesa na funguo

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba msaidizi hawezi kufanya kazi bila kupewa manenosiri yote. Si kweli, na kuiamini dhana hiyo kumewagharimu watu. Programu ya WhatsApp Business humruhusu mwenye akaunti kuunganisha hadi vifaa vinne vya ziada. Simu yenye laini hubaki kwako, msaidizi hufungua akaunti kwenye kompyuta yake, nawe unaweza kukiondoa kifaa hicho wakati wowote ukiwa umeketi kwako. Namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa ujumbe mfupi wakati wa kusajili akaunti haipaswi kupewa mtu yeyote, kwa sababu anayeipata anaweza kuihamisha akaunti nzima. Gmail ina mpango wa kumruhusu mtu mwingine kusoma na kujibu barua pepe zako bila kulijua nenosiri. Ukurasa wa Facebook huweza kuongezewa mtu mwenye ruhusa ya kazi fulani tu. Faili zilizo kwenye Google Drive hufunguliwa moja moja, na unachagua kama mtu ataisoma tu au ataihariri. Kinachotakiwa ni kumpa msaidizi mlango wa chumba anachokifanyia kazi na kuzibakiza funguo nyingine kwako.

Upande wa pesa unahitaji uangalifu zaidi. Msaidizi anahitaji kujua kama malipo yameingia. Hahitaji uwezo wa kuyatoa. Mambo hayo mawili yatenganishwe kabisa, na namba ya siri ya M-Pesa isitoke kwa mwenye biashara kwa sababu yoyote, hata ya dharura. Hata hivyo, kumnyima msaidizi uwezo wa kuiona tili, yaani namba ya M-Pesa ambayo duka hupokelea malipo, kunafungua pengo jingine, kwa kuwa matapeli hutuma picha ya ujumbe wa M-Pesa ulioghushiwa, wenye jina la duka na kiasi sahihi, na mtu aliye mbali hana namna ya kuuthibitisha. Hapa utaratibu ndio kinga. Kila muamala halisi huwa na msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi. Msaidizi aingize msimbo huo kwenye lahajedwali kando ya oda, na mtu mwenye simu ya tili, awe mwenye duka au kijana wa kibandani, aulinganishe na taarifa iliyoingia kisha aandike "imeingia". Kabla ya neno hilo kuandikwa, mzigo usipande bodaboda. Utaratibu huu huchelewesha mambo kwa dakika chache, na wapo watakaosema wateja hawatasubiri. Uzoefu wa soko ni kwamba mteja halisi husubiri, na anayeharakisha sana ndiye wa kumwangalia mara mbili.

Sheria inamtambua nani

Majina ya wateja, namba zao za simu na mahali wanapoishi si mali ya duka ya kugawa ovyo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza jinsi ya kuilinda. Sheria hiyo inamtenganisha anayeamua data ikusanywe kwa nini na itumiweje, ambaye hapa ni mwenye biashara, na anayeishughulikia kwa niaba yake, ambaye ni msaidizi aliyejiajiri. Inataka wawili hao wawe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, msaidizi anapaswa kumjulisha mwenye biashara ndani ya saa 48 tangu ajue, naye mwenye biashara aijulishe Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kutazama kiasi kilicho kidogo.

Wafanyabiashara wengi wamesikia kwamba biashara ndogo haimo katika sheria hii. Walichosikia ni nusu ya habari. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinaisamehe biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa katika shughuli fulani zilizotajwa. Zinaisamehe usajili, haziisamehi sheria. Kwa hiyo hata muuzaji wa viatu mwenye msaidizi mmoja anapaswa kuwa na karatasi inayosema msaidizi ataona taarifa zipi, atazitumia kwa kazi gani, hatazinakili kwenye simu yake, na atazifuta akiacha kazi. Karatasi hiyo itaje pia programu za akili bandia, kwa sababu kubandika orodha ya wateja ndani ya programu hizo ili ikupangie majibu ni kuipeleka orodha hiyo kwa kampuni nyingine.

Kuhusu kodi, iTax (mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato) na PIN (namba ya mlipakodi) vinafuata mkondo uleule. Msaidizi anaweza kukusanya risiti, kujumlisha mauzo na kukukumbusha tarehe, lakini ritani, yaani taarifa ya kodi inayowasilishwa, ikiwa na kosa, Mamlaka ya Mapato itamwandikia mwenye PIN. Anayelipa kodi ya mauzo ghafi, ile inayofahamika kama TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo na huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ajue kwamba ujira wa msaidizi hauipunguzi kodi hiyo hata kidogo, kwa sababu hutozwa kwenye mauzo kabla ya gharama yoyote. Aliye katika mfumo wa kawaida wa kodi ya mapato anaweza kuutoa ujira huo kama gharama, lakini tangu Januari 2024 gharama nyingi za aina hiyo hazikubaliki bila ankara ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa ankara za kielektroniki. Lizungumzeni kabla ya kupatana bei.

Kisha kuna swali ambalo watu huliogopa: je, huyu ni mfanyakazi wangu au ni mtu aliyejiajiri? Kuandika "mkandarasi" juu ya karatasi hakumalizi jambo. Mahakama huangalia uhalisia: nani anapanga saa, vifaa ni vya nani, anaweza kuwahudumia wengine, analipwa kwa kazi au kwa mwezi hata kama kazi hakuna. Ukimtaka awe mtandaoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, kwa kompyuta yako, na umemkataza wateja wengine, umeajiri. Hapo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahusika, pamoja na makato ya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kutoka kwake na kiasi kama hicho kutoka kwako. Hakuna aibu katika kuajiri. Lililo baya ni kumfanyisha mtu kazi ya mwajiriwa kwa miaka huku ukimnyima haki ya likizo na ya notisi kwa kisingizio cha mtandao.

Kumpata mtu na kuanza naye

Nairobi haina uhaba wa wasaidizi. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaelekeza vijana kwenye kazi za mtandaoni, na wengi wao wamekuwa wakiwahudumia wateja wa Marekani na Uingereza. Ni vyema kumuuliza mtu waziwazi ana wateja wangapi na wako wapi: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba au nane kulingana na msimu, kwa hiyo anayemhudumia mteja wa huko huenda hulala alfajiri, na wewe unamhitaji saa tatu asubuhi. Muulize pia stima ikipotea hufanya nini, na mkubaliane ni nani anayenunua bando. Ugomvi mwingi ninaousikia kati ya wafanyabiashara na wasaidizi wao huanzia kwenye bando na muda wa maongezi, mambo madogo ambayo yangemalizwa siku ya kwanza.

Wiki ya majaribio itumike kwa kazi moja tu, kama kujibu ujumbe wa wateja, na ilipwe. Anayetaka kazi ya bure kwa jina la majaribio anamnyonya mtu, na msaidizi mzuri ataondoka. Kwa upande wa pili, kijana anayetafuta kazi hii ajue kwamba mwajiri halali hamtozi mwombaji ada ya usajili, ya mafunzo wala ya kufunguliwa akaunti. Anayeomba pesa kabla ya kutoa kazi ni tapeli. Baada ya wiki hiyo, kagueni pamoja mazungumzo kadhaa ya wateja, neno kwa neno, na yale maelekezo yaliyoshindwa kujibu swali fulani yaongezewe. Maelekezo hayo hukua, na mwenye duka anapojikuta anaulizwa maswali machache kila wiki, huo ndio wakati wa kuongeza kazi ya pili.

Utaratibu wa kuachana uandikwe siku ileile ya kuanza, watu wakiwa bado wanapatana. Siku msaidizi anapoondoka, iwe kwa heri au kwa ugomvi, kifaa chake kinaondolewa kwenye WhatsApp, ruhusa zake za barua pepe, Facebook na Google Drive zinafutwa, manenosiri aliyoyajua yanabadilishwa, orodha ya oda ambazo hazijakamilika inakabidhiwa kwa maandishi, naye anathibitisha kwa ujumbe kwamba amefuta namba za wateja. Kisha analipwa salio lake lote siku hiyohiyo.